Boksi Lisilo na Mgongo

Saa tano kasorobo asubuhi ya Jumatatu, Inspekta Bandarisha Khongsngi alikuwa ameshainuka kitini mara ya sita. Kila akikaa, miguu ilimwasha. Faili lilikuwa mezani, jembamba, limeshapigwa muhuri. Mtuhumiwa alikuwa mahabusu nyuma ya ukuta. Na mkuu wa kituo alisimama mlangoni na mwavuli wake unaochuruzika, anataka kusikia neno moja tu: ndiyo. Alimwita Kong, yaani dada, kama mwanamke yeyote wa huku anavyoitwa kwa heshima; mwanamume huitwa Bah.

"Kong Risha, gari linaondoka saa tisa na nusu. Saa kumi huyo kijana awe mbele ya hakimu. Kuna nini tena?"

"Kuna mambo hayajakaa sawa, mkuu."

"Ambaye hajakaa ni wewe. Hebu tulia! Mjomba na mpwa wamegombania boksi la spika. Jirani kasikia makelele. Mjomba kakutwa chini, kichwa kimepasuka. Unataka malaika ashuke akuandikie maelezo?"

Hakungoja jibu. Aliondoka zake, na Risha akaingia nyuma kumtazama tena huyo kijana.

Daman alikuwa fundi pikipiki wa mji wa Jowai, miaka ishirini na minne, mikono bado ina grisi ya Ijumaa. Alikuwa amekaa sakafuni, magoti kidevuni.

"Nieleze tena," Risha alisema.

"Kong, nimeeleza mara ngapi? Mama alinituma nikachukue boksi. Mjomba akakataa, tukapigiana kelele, ni kweli. Kisha akachukua bisibisi, akafungua mgongo wa boksi, akanionyesha alichoandika ndani. Akacheka. Akasema, 'Haya, ni la nyumba ya mama yako, njoo na gari Jumatatu.' Saa saba nikatoka. Nikanywa chai pale kona, nikawasimulia watu wote. Halafu mvua ya mawe ikanikuta njiani."

"Nani alikuona njiani?"

"Nani atatoka nje mawe yakianguka?"

Hapo ndipo palipomchoma Risha. Akimwacha apande gari lile, jina la Daman litaingia kwenye daftari la gereza la wilaya, na kulitoa humo ni kazi ya miezi. Na mjomba wake, Bah Kerlang Warbah, akifa huko hospitali alikolala bila fahamu tangu Jumamosi, kesi itageuka mauaji. Daktari alikuwa amemwambia kwa simu, bila kumung'unya maneno: mzee alilala akivuja damu zaidi ya saa nzima. Angeletwa mapema, leo wangekuwa wanazungumza naye.

Risha akasukumia tambuu shavuni, akamwita konstebo wake. Bah Lumlang Sohtun alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, tumbo limetangulia. Zamani, kabla ya sare, alikuwa mpiga gitaa la besi wa harusi na matamasha ya mji mzima.

"Bah Lum, washa jipu."

"Chai yangu ndiyo kwanza imefika, Kong."

"Utainywa kesho."

Njiani Risha alisoma tena maelezo ya jirani, Kong Bina, mama mchuuzi wa mboga ambaye uzio wake unagusa banda la Bah Kerlang. Makelele ya mchana, sawa. Mvua ya mawe, saa nane na robo mpaka saa tisa kasorobo, sawa. Kisha mistari ambayo mkuu wa kituo aliipitia kwa haraka: *Mawe yalipokoma nikasikia mashine ya Bah Kerlang inalia. Inaanza chini kabisa kama ng'ombe, inapanda, inapanda, mpaka inakuwa kama mbu sikioni. Mara tatu. Nikasema, mzee keshaanza tena.*

Mkuu wa kituo alisema hiyo inaonyesha tu kwamba saa tisa mzee alikuwa mzima anachezea mitambo yake, na Daman alirudi baadaye. Lakini mtu aliyepiga gitaa miaka arobaini, ana haja gani ya kuiliza mashine kama ng'ombe mara tatu?

Kong Tiewlin, mke wa Bah Kerlang, aliwapokea mtaani Mawlai na sahani ya tambuu mkononi, macho yamevimba. Hata siku ya msiba mgeni hazungumzi kabla ya kutafuna. Risha alitafuna, kisigino kinagonga sakafu.

"Mmempeleka huyo muuaji?" mama aliuliza.

"Saa kumi, Kong. Nataka kuona banda mara moja tu."

"Banda mmeshaliona. Jumamosi mliingia watu saba na viatu vya matope."

"Na ndiyo maana hatukuona kitu."

Banda lilikuwa nyuma ya ua, la mbao na bati, kimo cha mtu. Doa la damu lilikuwa karibu na amplifaya, kwenye pembe yake ya chuma. Boksi lenyewe lilisimama limeegemea ukuta wa ndani: jeusi, pana, spika nne nyuma ya kitambaa kilichochakaa, blanketi kuukuu limetupiwa juu na kuning'inia hadi nyuma. Mji mzima ulikuwa unalijua. Bah Kerlang alilichonga mwenyewe kwa mbao za msonobari, na watu waliooa kwa sauti yake leo wana wajukuu.

Risha alipiga magoti. Mbele ya boksi, hatua moja tu, kwenye vumbi ambalo viatu vya polisi havikulifikia, palikuwa na alama tatu za duara, zimepangwa pembetatu. Miguu ya kistendi cha maikrofoni.

"Bah Kerlang alikuwa na maikrofoni?"

"Maikrofoni!" Kong Tiewlin alicheka kwa uchungu. "Maikrofoni haikuwahi kuvuka mlango huu. Vijana wa studio walikuja na maombi, walikuja na zawadi, aliwafukuza kwa fagio. Alikuwa anasema, anayetaka kulisikia boksi langu aje harusini."

"Nani alisumbua kuliko wote?"

"Everbright. Yule wa studio ya Laitumkhrah. Miaka kumi anapiga hodi. Mwezi uliopita alikuja mara tatu."

Risha akainuka, akainua blanketi, akachungulia nyuma ya boksi. Akaona spika kwa nyuma, nyaya, na sumaku nne. Boksi halikuwa na mgongo. Ubao wenyewe ulikuwa nyuma ya mlango, umeegemezwa, na skrubu zake kumi zimo ndani ya kopo la tumbaku.

"Bah Lum, shika tochi."

Ndani, ubavuni, palikuwa na maandishi ya penseli: *Kerlang. Agosti 1986. Msumari wa mwisho.*

"Mlifunga ndoa lini, Kong?"

Mama alijua swali linaelekea wapi, kama ajuavyo kila mtu wa hapa. Alichokichuma mwanamume kabla ya kuoa ni cha nyumba ya mama yake na dada zake. Alichokichuma baada ya kuoa ni cha mke na watoto.

"Themanini na tisa," alisema hatimaye. "Aliniambia siku zote kwamba alilitengeneza tukiwa pamoja. Aliniambia hivyo ili nisiumie. Sikujua kuna maandishi."

"Mgongo huu uliwahi kufunguliwa?"

"Tangu niolewe, hata mara moja. Alisema ukifunguliwa sauti inakimbia. Jumamosi asubuhi nililifuta boksi vumbi, mgongo ulikuwa umefungwa. Kisha nikaenda sokoni, nikarudi saa kumi." Sauti ikamkatika. "Nikamkuta vile."

Kumbe kijana alikuwa amesema kweli, angalau hadi hapo. Mzee alifungua mgongo mchana ili kuonyesha tarehe. Mtu aliyekwisha kupewa kitu, tena kwa kicheko, anampigia nini aliyempa? Lakini hilo bado lilikuwa neno la mdomo. Mkuu wa kituo angelipuliza likaruka.

"Twende Laitumkhrah," Risha alisema. "Kimbia, Bah Lum."

"Kwa foleni hii, Kong, tutakimbia tukiwa tumekaa."

Saa saba na nusu walikuwa bado darajani, mvua inamwagika, Risha ameshafungua na kufunga dirisha mara ishirini. Alipiga simu kituoni: Daman bado yupo. Alipiga hospitali: hakuna badiliko. Alitaka kushuka atembee.

Everbright Rynjah aliwafungulia mwenyewe, mtu wa miaka thelathini na minane, ndevu zimechongwa, sweta safi. Jina lake watu walilikata wakamwita Ever. Studio yake ilikuwa ghorofa ya juu, chini ya bati. Ilikuwa na maboksi mawili ya spika, kompyuta, na magitaa ukutani.

"Kong, Bah, karibuni! Chai? Nimesikia ya Bah Kerlang, nimeumia sana. Yule alikuwa mwalimu wetu sote."

"Jumamosi kuanzia saa nane mpaka saa kumi ulikuwa wapi, Bah Ever?"

"Hapa hapa." Hakusita hata kidogo. "Nilikuwa narekodi gitaa la bendi moja ya mji wa Guwahati. Niliwatumia wimbo saa kumi na nusu, barua pepe ipo. Maikrofoni mbele ya boksi, gitaa mkononi, saa mbili nzima."

Mvua ilikuwa inapiga bati hata wakawa wanapaza sauti.

"Ukirekodi sasa hivi, hiyo maikrofoni itasikia mvua?"

"Ah, itaisikia kuliko gitaa! Ndiyo maana leo nimekaa. Sisi wa hapa, Kong, tunarekodi mbingu ikitaka."

"Tuwekee huo wimbo wa Jumamosi. Gitaa peke yake."

Ever akaweka. Gitaa likaingia chumbani, nene, lenye machungu kidogo, safi kabisa. Risha alisikiliza hadi mwisho huku anazunguka chumba. Bah Lum alikuwa amefumba macho.

"Jumamosi saa nane na robo," Risha alisema, "mawe ya ukubwa wa popoo yalianguka mji huu nusu saa nzima. Kwangu yalivunja kioo. Kwenye wimbo wako hata tone halimo."

Ever akacheka, akainua mikono.

"Haya, mmenikamata. Kong, naomba wasisikie wa Guwahati. Wanataka waambiwe ni boksi la kweli na maikrofoni ya kweli. Sikufungua maikrofoni. Gitaa nililipiga Alhamisi, Jumamosi nikalivisha tu kwenye kompyuta. Ni dakika moja."

"Ukalivisha nini?"

"Mwitiko." Macho yalimng'aa, mtu akiulizwa ufundi wake husahau anaulizwa na nani. "Sikiliza. Gitaa la umeme likitoka kwenye waya liko uchi. Linakwaruza, nyuki ndani ya kopo. Kinacholivisha ni boksi: mbao zake, spika zake, mahali maikrofoni iliposimama. Zamani ilikubidi uwe na boksi lenyewe. Siku hizi unaliuliza boksi swali moja, linakujibu, unalihifadhi jibu. Jibu halifiki hata nusu sekunde. Basi! Gitaa lolote, popote duniani, unalivisha lile boksi. Hata ukiwa kitandani, hedifoni masikioni, mke kalala."

"Na swali lenyewe ni lipi?"

"Hili."

Akabonyeza. Kutoka kwenye spika kukatoka mngurumo wa chini kabisa, wa ng'ombe zizini, ukaanza kupanda, ukapanda, ukawa mluzi, ukawa mbu sikioni, ukakatika.

Ng'ombe, kisha mbu: maneno yale yale ya Kong Bina. Bah Lum alifumbua macho akamtazama, naye akamkanya kwa kope tu. Kusema uongo kwa wateja si kumpasua mtu kichwa, na sauti ile inaweza kulizwa na fundi yeyote mwenye kompyuta. Bado alihitaji kitu kinachoshikika.

"Na boksi ulilolivisha gitaa la Guwahati," aliuliza polepole, "ni la nani?"

"Aa, hilo? Ni mwitiko wa kununua. Wa nje."

"Wa nje wapi!" Bah Lum alilipuka. "Ever, mwanangu, mimi nimesimama mbele ya boksi hilo harusi na harusi. Limenitia uziwi sikio la kushoto. Hilo ni boksi la Bah Kerlang, nakula kiapo."

Ever alitazama dirisha, akatazama kompyuta.

"Sawa. Ni lake. Aliniruhusu mwenyewe, kwa siri, miaka mitano iliyopita. Hakutaka mkewe ajue."

"Miaka mitano," Risha alirudia, akaandika.

"Lakini kuna kitu," Bah Lum alisema, anakuna kidevu. "Tumbo liko wapi? Boksi la Bah Kerlang lina tumbo. Likipiga, unahisi hapa, kwenye mkanda. Hili lako linabweka tu. Wanasema debe tupu haliachi kuvuma. Hili hata kuvuma haliwezi."

"Ndiyo siri yake, Bah!" Ever alisema kwa haraka, kwa fahari hata. "Hata mimi nilishangaa. Miaka yote tulidhani lina tumbo, kumbe ni kumbi za harusi zilizokuwa zinalidanganyia. Boksi lenyewe ni jepesi, lina hewa. Hakuna mtu duniani aliyejua isipokuwa mimi."

Risha alifunga daftari. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi miguu yake ilitulia.

"Bah Ever, beba kompyuta yako. Na begi lako la kazi, na vyote vilivyomo. Tunakwenda Mawlai."

"Kwa nini? Ninakamatwa?"

"Unatusaidia kazi. Ukikataa, tutazungumza lugha nyingine."

Walifika saa nane na dakika hamsini. Risha alimwita Kong Bina avuke uzio, akamsimamisha pamoja na Kong Tiewlin mlangoni mwa banda. Mashahidi wawili wa mtaa, kama sheria itakavyo. Kisha akamgeukia konstebo.

"Bah Lum, rudisha ubao mahali pake. Skrubu zote kumi."

"Ubao gani?" Ever aliuliza.

Bah Lum alilivuta boksi kutoka ukutani, akaondoa blanketi, akaligeuza. Ever aliona zile spika uchi, zile nyaya, na uso wake ukapauka papo hapo.

Bisibisi ilichukua dakika nane. Risha alizihesabu zote kwenye saa yake. Kisha Bah Lum akachukua gitaa la mzee kutoka kwenye msumari, akachomeka waya, akapiga nyuzi mbili za chini. Banda zima lilitetemeka, na kopo la tumbaku likatembea juu ya meza. Kong Tiewlin alishika fremu ya mlango.

"Hilo ndilo tumbo," Bah Lum alisema.

"Sasa litoe."

Skrubu zikatoka tena, mbio mbio, mbili zikaanguka. Akapiga nyuzi zile zile. Sauti ilitoka nyembamba, yenye hewa, inabweka. Risha akamwambia Ever aweke mwitiko wake kwenye kompyuta. Bah Lum akachomeka gitaa humo, akapiga mara ya tatu, safari hii kupitia hedifoni ambazo Risha aliwavisha mashahidi kwa zamu.

"Ni hiyo hiyo," Kong Bina alisema. "Ya pili. Si ya kwanza."

"Ya pili," Kong Tiewlin alisema kwa sauti ndogo.

"Bah Ever," Risha alisema, "boksi hili lilifungwa Agosti themanini na sita. Jumamosi asubuhi mama alilifuta vumbi likiwa limefungwa. Mzee alilifungua mchana, Daman akiwepo, ili kumwonyesha tarehe. Daman akaenda kona, akamtangazia kila mnywa chai kwamba Jumatatu linahamia Jowai. Na wewe ukasikia au ukasimuliwa, sawa? Baada ya hapo ndipo ulipouliza swali lako. Si miaka mitano iliyopita. Boksi lisilo na mgongo limekuwepo duniani siku mbili tu, na jana palikuwa na mkanda wa polisi mlangoni."

"Mtu... mtu anaweza kupunguza besi kwenye kompyuta, Kong. Huo si ushahidi. Hakimu atawacheka."

Na hapo alikuwa na hoja. Risha alitazama saa: tisa na dakika kumi. Mkuu wa kituo angemwambia maneno hayo hayo, na gari lingeondoka.

"Begi," alisema.

Alilifungua mbele ya mashahidi, akaandika kila kilichotoka: nyaya nne, maikrofoni mbili, kistendi cha miguu mitatu, kinasa sauti kimoja cha mkononi. Bah Lum alikiweka kistendi juu ya zile alama za vumbi. Kilikaa sawasawa. Risha alikuwa ameshashika kinasa sauti.

"Fundi mzuri hapati jibu mara moja," alisema. "Anachukua mara tatu. Na akiona tumbo limepotea, hata kama anajitapia siri, moyoni ana wasiwasi. Hafuti zile za mwanzo. Anasema nitazirudia nikitulia. Si ndivyo, Bah Lum?"

"Hatufuti kitu, Kong. Ni ugonjwa wetu."

"Saa ya mashine hiyo haijawekwa," Ever alisema, jasho limemtoka. "Itawaonyesha tarehe mosi Januari. Haina maana yoyote, Kong, tafadhali—"

"Tarehe siihitaji. Nataka kusikia tu."

Faili tatu. Akabonyeza ya kwanza. Mngurumo ukaanza, ukapanda, ukawa mbu, ukakatika. Ukafuata ukimya mrefu wa chumba, matone yanadondoka kutoka ukingo wa bati: mawe yaliyokwisha kuanguka yakiyeyuka. Kong Bina alijishika kifua. "Ndiyo sauti ile! Ndiyo ile!"

Ya pili. Mngurumo, mluzi, mbu. Kimya. Na ndani ya kimya, mbali na maikrofoni, chini, kitu kilikoroma.

Kong Tiewlin alisogea hatua moja ndani.

Ya tatu ilianza kabla ya mngurumo. Viatu vilitembea, kistendi kikasogezwa. Kisha sauti ya mzee, nzito, imejaa mate.

"Ever... Ever. Maji."

Na sauti ya pili, karibu kabisa na maikrofoni, ya upole, yenye adabu zote ambazo kijana wa hapa hufundishwa kumpa mkubwa wake:

"Ngoja kidogo, Bah. Bado moja tu."

Mngurumo ukaanza kutoka chini.

Risha aliuzima kabla haujapanda. Bah Lum alikuwa ameshamshika Ever mkono, na Ever hakujivuta. Alikuwa anaongea peke yake: kwamba hakukusudia, kwamba mzee alishika kistendi na kukivuta, kwamba alimsukuma kidogo tu, na ile pembe ya chuma ilikuwa pale, na kwamba alidhani ni dakika mbili.

Simu ya mkuu wa kituo iliita mara nne kabla hajapokea.

"Mkuu, gari lisiondoke. Ndiyo, najua ni saa tisa na robo. Sikiliza, Daman asipande. Nina sauti ya mtu mwenyewe, mashahidi wawili, na ninakuja naye. Mfungulie kijana mlango, mkuu. Na mpe chai."

Alipogeuka, Kong Tiewlin alikuwa amesimama mbele ya Ever, mdogo kwa kimo, mikono ndani ya shali.

"Alikuomba maji," alisema. "Mtungi uko hapo mlangoni. Uliupita ukiingia, ukaupita ukitoka. Ulimwambia angoje. Angoje nini, Ever?"

Ever aliinamisha kichwa.

"Kimya cha kurekodi, Kong. Mtu akizungumza, jibu linaharibika."

Mama akainama, akaokota zile skrubu mbili zilizoanguka, akazitia kiganjani mwa Risha.

"Mwambieni Daman aje na gari. Boksi ni la nyumba ya mama yake, limeandikwa. Mwambieni nilimwita muuaji mbele za watu, na nitamwomba radhi mbele za watu." Akajifunga shali vizuri. "Mimi nakwenda hospitali. Nitamlowesha midomo."